Majani ya Kilima cha Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa wivu. Nasema mapema ili atakayesoma asije akashangaa huko mbele. Wengine huonea wivu nyumba ya mabati, mume asiyekunywa pombe, mtoto aliyefika chuo kikuu. Hayo yote ninayo, Mungu ashukuriwe, na sikumbuki kama yamewahi kunipa usingizi mzuri. Mimi naonea wivu majani. Tena si majani ya tajiri. Ni majani ya mdogo wangu, mtoto wa tumbo moja na mimi, ambaye aliolewa kwenye kilima kibaya kuliko vyote vinavyoonekana kutoka mlangoni kwangu.

Tunakaa huku juu Masisi, upande wa Nyamitaba, nchi ya ng'ombe na vilima. Mume wangu alirithi bonde. Udongo wake ni mweusi, ukichomeka fimbo inaingia yote mpaka unashika ardhi kwa vidole. Mvua nyingi inatoka magharibi, kwenye misitu ya Walikale, na ikipanda huku inatukuta sisi kwanza. Inashusha mzigo wake wote kwetu. Ikishavuka bonde inakuwa imebaki manyunyu, na upande huo wa pili ndiko anakokaa mdogo wangu. Kwake udongo ni mwembamba, jembe likishuka kidogo tu linalia kwenye jiwe. Maji machache yanayobahatika kufika pale yanateremka mbio, hayasalimii mtu.

Alipoolewa huko nilimlilia. Nilivaa kitenge kipya nikakaa na wageni, na moyoni nikawa nasema, maskini, huyu atachunga ng'ombe juu ya mawe. Nilimhurumia miaka mingi, na nilijisikia vizuri kumhurumia. Nilimpelekea maharagi, nikampelekea nguo za watoto wangu zilizowabana. Naye alipokea kila kitu kwa mikono miwili na kucheka kwake kule, mdomo wote wazi, mtu asiyejua kwamba anahurumiwa.

Bonde langu ni zuri, yeyote akuambie. Ni kijani kutoka ua mpaka ua. Ni jani moja nene linalotambaa, mafundi wa kilimo wanaliita kikuyu, na katikati yake unaona trefle, kile cha vijani vitatu vitatu, hapa na pale. Wapita njia wenye pikipiki wanasimama kupiga picha. Hakuna aliyewahi kusimama kupiga picha kilima cha mdogo wangu. Kwa mbali kina rangi ya nguo iliyofuliwa mpaka imechoka.

Basi mama yetu alizeeka, magoti yakamkatalia, akaja kukaa kwangu. Alikuja kwangu kwa sababu nina chumba kilichopakana na jiko, chenye joto, na sababu nyingine sikuuliza. Nilimtandikia vizuri. Kila asubuhi, ng'ombe wakishakamuliwa, nilimpelekea kikombe cha kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani kuonja. Alikunywa, akafuta mdomo, akasema, "Asante, mutoto yangu."

Jumapili ya kwanza mdogo wangu akaja kutoka kanisani na maziwa yake. Anayaweka katika chansi, kile chombo cha mti ambacho mama zetu walikitumia, bado anakifukiza moshi na kukifunika kwa kifuniko cha kusuka. Alimmiminia mama. Mama akanywa kidogo, akafumba macho, akakaa hivyo. Kisha akasema, "Iyi iko na majani ndani."

Nilikuwa nimesimama pale na sahani ya viazi mkononi.

"Na yangu iko na nini, Mama?" nikauliza.

"Yako iko muzuri," akasema. "Yako iko maziwa."

Ninawaomba wanaoona hilo ni neno dogo wajaribu kulimeza. Mimi ninayemwosha, ninayemkata kucha, ninayejua ni upande gani unamuuma anapolala, napewa asante. Huyu anayekuja Jumapili na viatu vyenye vumbi anapewa macho yaliyofumbwa. Jumatatu asubuhi nikachemsha maziwa yangu na majani ya chai, nikampelekea. "Mama, sasa na yangu iko na majani." Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuwa nimefanya utani.

Nikajiambia siri iko kwenye chombo. Nikaazima ile chansi kwa mdogo wangu, nikasema nataka kuonyesha watoto mambo ya zamani. Nikaifukiza mwenyewe, macho yakanitoka machozi, nikatia maziwa ya ng'ombe wangu mweupe, yule bora. Mama akanywa. "Moshi iko sawa," akasema. "Asante, mutoto yangu."

Na si mama peke yake. Huku kwetu tunatengeneza fromaji, zile jibini za mviringo, na wachuuzi wanazibeba kwa pikipiki mpaka Pinga, wengine wanateremka mpaka kwenye migodi, huko Bisie, ambako watu wanatamani kitu cha maziwa kwa kuwa msituni hakuna pa kuchungia hata mbuzi. Walikuwa wakipita kwangu kwanza, kwa kuwa kwangu ni kando ya barabara. Siku moja mmoja wao akala kipande cha fromaji yangu, akatikisa kichwa kwa adabu, akaniuliza, "Mama, na ile ya kule mulimani, ya yule mama mwenye kucheka, tunaipataka wapi?" Nikamwelekeza njia ndefu.

Binti yangu anasoma kilimo kule Goma. Alipokuja likizo nikamwambia habari yote, huku nikiificha kidogo, nikisema tu kwamba nataka kujua kwa nini maziwa yanatofautiana. Yeye ananijua. Alichukua kamba, akafunga vijiti vinne, akanitandikia mraba katika bonde langu, mkubwa wa mkeka mmoja. Akapiga magoti akaanza kutenganisha majani na kuyataja. Hakukaa sana. Kikuyu, trefle, jani moja la upupu lililojipenyeza, akanyanyuka akapangusa magoti.

Kisha tukapanda kwa mdogo wangu, akatandika kamba ileile, mraba uleule. Alipiga magoti pale mpaka mimi nikatafuta jiwe nikakaa. Kulikuwa na majani membamba yanayosimama wima na mengine yanayojilaza. Kulikuwa na ua la njano dogo kuliko kifungo, na la zambarau, na kishonanguo, na jani linalonuka ndimu ukilisugua, na lenye manyoya, na lile tulilokuwa tukitafuna tukiwa watoto likituachia uchachu ulimini. Kila mara nilipodhani amemaliza aliinama tena. Mdogo wangu alisimama nyuma yetu, mikono kiunoni, akishangaa kwamba mtu ametoka chuo kikuu kuja kuangalia uchafu wake. Ndivyo alivyouita, uchafu.

"Kumbe niko na vitu!" akasema akicheka.

Nilitamani kumfinya.

Wakati wa kushuka nikamwuliza binti yangu inawezekanaje. Udongo wangu umeshiba, wake una njaa. Mvua yangu ni kamili, yake ni mabaki. Ilipaswa iwe kinyume.

"Mama, sababu njo ile," akasema. "Kwako chakula iko mingi na maji haikose. Sasa ile moja yenye kukomala mbio inafunika ingine yote, inaikatia jua. Kule kwa mama mudogo hakuna jani yenye kushiba, hakuna yenye nguvu ya kufukuza mwenzake. Ingine mizizi yake iko mifupi, inakunywa ile mvula kidogo. Ingine inashuka mu mupasuko ya jiwe. Ingine inalala mu mbegu, inangojea mwaka yake. Kila moja inajitafutia kafasi."

"Na mi nifanye nini? Nikonde?"

"Uchoshe udongo. Ukate majani, utoe inje, usirudishe mavi, miaka na miaka."

Mume wangu aliposikia mezani kwamba kuna mtu anataka kuchosha udongo wa baba yake, aliweka kijiko chini akatuangalia wote wawili. Hatukuendelea.

Lakini mimi si mtu wa kukubali. Binti aliporudi Goma nikachukua jembe na karai nikapanda kwa mdogo wangu, nikamwomba vipande vya ardhi yake pamoja na majani yake. Nilitegemea atasita kidogo. Angesita kidogo tu ningefurahi. "Chukua, dada! Chukua na huku, iko mingi! Na ile ya njano unaiacha sababu gani?" Akanichimbia mwenyewe, akanitwisha mwenyewe. Nikashuka na kilima chake kichwani, nimenuna.

Nikavipanda mahali pazuri kuliko pote, karibu na kijito. Nikaweka ua ng'ombe wasifike. Nikamwagilia, ingawa mvua yenyewe ilikuwa haikauki. Mwanzoni yalichangamka kweli, yakanenepa, nikaanza kujivuna. Halafu kikuyu ikatuma vidole vyake chini ya ua. Kabla mahindi hayajatoa maua, pale nilipopanda palikuwa kijani kimoja kama kwingine. Kilichobaki ni lile ua la njano, nalo lilijiokoa kwa kudondosha mbegu kando ya jiwe ninalofulia, pale udongo ulipokwisha. Lipo mpaka leo. Nikifua linaniangalia.

Baadaye ukaja mwaka wa mvua kali, mwaka ambao barabara ya Pinga ilikatika na wachuuzi wakabaki wamekaa juu ya pikipiki zao. Mvua haikuishia kwangu. Ilivuka bonde ikanyesha upande wa pili wiki baada ya wiki, na kilima cha mawe kikageuka. Yale majani marefu yaliyokuwa yakijikongoja huko yakapata nguvu yakasimama kufika kiunoni, na vidogo vyote vikapotelea chini yake. Mdogo wangu alifurahi sana. Akamletea mama maziwa mengi kuliko kawaida, chansi imejaa mpaka kifuniko.

Mama akanywa. Nikangoja. Hakufumba macho.

"Asante, mutoto yangu," akamwambia.

Nilitoka nje nikazunguka nyuma ya jiko nikacheka peke yangu, mkono mdomoni. Tangu nizaliwe sijui kama nimekunywa furaha namna ile. Mtu akiniuliza kama niliona aibu nitamjibu, sikuona.

Haikudumu. Kiangazi kilichofuata kilikuwa cha moto, na bonde langu lote likakauka kwa siku chache, kwa kuwa ni jani moja na lilipochoka lilichoka lote pamoja. Ng'ombe wangu walilia. Kule juu yale marefu yakafa kwa njaa na kiu, na chini yake vile vidogo vikaanza kutoa vichwa, kimoja leo kingine kesho, daima kuna kitu kibichi mahali fulani. Mvua ya kawaida iliporudi, kilima kilikuwa na rangi zake zote. Mama akafumba macho kama zamani. Nilimpigia binti yangu simu kumlalamikia, akacheka, akasema, "Mama, mvula inapitaka. Ingekuwa mbolea, hapo mama mudogo angelia. Mbolea inabakiaka." Neno hilo likanikaa kichwani bila mimi kujua nitalifanyia nini.

Mwaka jana mama akaanza kukataa chakula. Ugali akasukuma, ndizi akasukuma, mchuzi wa maharagi akaonja kwa ajili ya heshima yangu tu. Maziwa yangu alishika kikombe, akasema asante, akakiweka. Alichokuwa akikimaliza ni maziwa ya kilima. Mdogo wangu akaanza kuyaleta kila siku, anapanda na kushuka, na mama akiona ile chansi anainuka kitandani mwenyewe. Nafuu gani, na uchungu gani. Nilikuwa naomba Mungu alete miguu ya mdogo wangu mapema, na ikifika siwezi kuiangalia.

Mume wangu ni mtu mwema, ni shida yangu ya siku zote. Aliona mdogo wangu anavyohangaika akataka kumshukuru. "Huyu mudogo yako njo anatulishia mama," akasema. "Na sisi tuko na mulima ya mavi ya ngombe nyuma ya kiraro. Tumupatie. Mulima yake yote ishibe."

Huku kwetu mbolea haitolewi ovyo. Watu wanalima viazi, kila mwenye ng'ombe anabembelezwa kwa ajili ya samadi yake, na ukimpa mtu bila yeye kuomba, kijiji kizima kinajua umempenda. Mdogo wangu aliposikia alipiga kigelegele. Kanisani wakatangaza. Wanakwaya wenzake wakasema watakuja kubeba wakiimba.

Mimi peke yangu nilijua mbolea ile itafanya nini. Nisijifanye malaika, wazo lilinijia nikiwa nafua, na ua la njano liko pale mbele yangu. Nikinyamaza tu, nimeshinda. Sihitaji kufanya ubaya wowote. Nitampa mdogo wangu zawadi, kwaya itaniimbia, na baada ya misimu michache kilima chake kitakuwa bonde kama langu, jani moja, na maziwa yake yatapewa asante. Nililigeuzageuza wazo hilo na sabuni mkononi. Lilikuwa tamu.

Halafu nikasikia mama ndani anaita, anauliza kama mdogo wangu amefika. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. Nikafikiri, yale majani yakifa mama atakunywa nini? Na jambo la pili, nalisema pia kwa kuwa ni kweli: wivu wangu ulikuwa wa kuyataka yale majani, haukuwa wa kutaka yafe. Yakifa mimi nitaangalia nini nikifungua mlango?

Nikamwambia mume wangu wakati wa chakula. Nikamweleza kama binti yetu alivyonieleza, njaa ya udongo, nguvu, kafasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ni mwema, halafu akacheka mpaka akashika meza. "Mbolea inaua majani! Mama, nenda ueleze ngombe."

Nikapanda kwa mdogo wangu. Nilijua nina ushahidi. Juu kule, mahali ng'ombe wake wanapolala, mavi yamejaa miaka mingi, na pale pameota jani moja tu, nene, refu, na upupu pembeni. Nikamshika mkono nikampeleka. "Angalia hapa. Angalia na pale. Hapa iko jani ngapi? Ile ya njano iko wapi? Ile yenye kunuka ndimu iko wapi? Mavi njo imefanya ile."

Akapaangalia, uso wake ukafunguka wote.

"Dada! Njo ile ninataka kila mahali!"

Nilijaribu kumpata binti yangu kwenye simu, lakini antena ilikuwa imekufa wiki hiyo na hakuna aliyekuwa na mtandao. Ijumaa ikapita hivyo.

Jumamosi asubuhi chukudu zikajipanga mbele ya kiraro cha ng'ombe, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, na mume wangu amejaza mifuko tangu alfajiri. Magunia mawili yalikuwa yametangulia kabla sijamaliza kumwosha mama. Nilitoka nikakuta kwaya imeshafika, wanawake wa kanisa na vitenge vyao, mdogo wangu katikati yao amevaa vizuri kama siku ya ubatizo. Walikuwa wanaimba. Mama alikuwa ameomba kukaa barazani aone, na kikombe chake kitupu bado kiko mapajani.

Nikaenda nikasimama kwenye lango, nikanyoosha mikono.

"Iyi mbolea haitoke," nikasema.

Wakadhani ni mchezo wa sherehe, wakaendelea kuimba. Nikarudia. Mume wangu akaja karibu akaniuliza kwa sauti ya chini nina nini. Ukweli nilikuwa nimeshausema nyumbani kwangu na juu ya kilima, ukachekwa kwangu, ukashangiliwa kule. Sikuwa na ukweli mwingine. Nikasema kitu ambacho kila mtu pale angekielewa mara moja.

"Mi niko na viazi yangu ya kutia mbolea. Siwezi kugawa."

Wimbo ukafa kidogo kidogo, mwimbaji mmoja baada ya mwingine. Mume wangu aliangalia chini, kwa kuwa alijua viazi vyetu vilikuwa vimeshatiwa mbolea mpaka vimekinai. Mwanamke mmoja wa kwaya akasema, si kwa sauti kubwa, "Haa! Hata mavi!" Mdogo wangu alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu nikaona ameelewa mimi ni mtu wa namna gani. Miaka yote nilipokuwa nimenuna hakuona kitu. Aliona siku hiyo, siku ambayo hakukuwa na wivu wowote.

Akageuka akaenda. Kwaya ikamfuata. Mimi nikabaki na mifuko ya mavi.

Alikata salamu, lakini maziwa hakukata. Alikuwa anapita mlango wa jikoni moja kwa moja mpaka kwa mama, anamimina, anamsubiri amalize, anaondoka. Kanisani alihama benchi. Binti yangu alipokuja likizo nilimtuma akaeleze, akaeleza vizuri sana na kamba yake na kila kitu, na mdogo wangu akampapasa kichwa. "Mutoto muzuri anateteaka mama yake," akamwambia, akampa maziwa anywe.

Halafu mvua zikaja. Yale magunia mawili yaliyotangulia yalikuwa yamemwagwa kwenye kona moja ya chini, karibu na njia. Kona hiyo ikawa kijani cha kung'aa, majani mpaka magotini, unaiona kutoka mlangoni kwangu. Kila aliyepita aliiona. Watu walisimama pale wakatikisa vichwa, kisha wakaangalia upande wa nyumba yangu. Nilienda siku moja asubuhi peke yangu nikainama pale, nikatenganisha majani kwa mikono kama binti yangu. Ua la njano halikuwepo, wala la zambarau. Hatua chache juu, palipo pakavu, yalikuwepo yote, yamejibana kati ya mawe. Nikayaangalia kwa muda. Nikarudi nyumbani.

Mwezi uliopita ilinyesha kubwa mdogo wangu akiwa bado ndani kwa mama. Hakuweza kutoka. Nikaingia na makaa, nikakaa. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mwishowe yeye ndiye aliyeanza, bila kuniangalia.

"Dada, uliona ile kona?"

"Niliiona."

"Ingekuwa mulima yote vile." Akaifunika chansi, akaifunua tena. "Nguo zako nilivaa. Maharagi yako nilikula. Sikujuaka kama unanionea wivu. Na ya nini? Niko na nini mimi? Hata mavi ya ngombe, dada, hata ile ulinionea?"

Nilikuwa na majibu tayari, nilikuwa nimeyapanga tangu siku ya lango. Mama alikuwa amefumba macho, maziwa yako mkononi. Nikawaza kila kitu nilichomwonea mtu huyu, kicheko chake, chansi yake, Jumapili zake, mawe yake, na hakuna hata mara moja aliyoniuliza. Sasa ameuliza mara moja, ameuliza kuhusu kitu ambacho siyo. Nikaona nikikataa hicho kimoja nitakuwa nimekataa na vyote.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuonea."

Halafu, Mungu anisamehe, akaanza kucheka, kile kicheko chake cha mdomo wazi, machozi yanamtoka. "Mavi!" akasema. "Mavi ya ngombe!" Mama naye akacheka bila kufumbua macho. Mdogo wangu akavuta kikombe kilichokuwa mezani, akakipangusa kwa kitenge, akamimina, akaninyooshea.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuyaonja. Nilikuwa nayapokea, nayachemsha, namlisha mama kwa kijiko siku mbaya, na kijiko nakiosha bila kulamba. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikanywa.

Yana majani ndani. Yana ule uchachu tuliokuwa tukitafuna njiani tukiwa wadogo, na ndimu kwa mbali, na kitu kingine ambacho sina jina lake. Nilimwonea wivu mdogo wangu kuanzia mdomo wa kikombe mpaka chini kabisa, kisha nikakinyoosha aniongezee.